Shimo Lisilokunywa Maji

Machi 2

Mke wangu analalamika kwamba nikimpigia simu sina neno. Habari za huko? Salama. Kazi? Salama. Umekula? Nimekula. Juzi akanicheka: "Wewe hata siku ukifa utapiga simu useme salama." Basi nimeamua niwe naandika kidogo jioni, mwili ukiniruhusu, ili akiuliza nipate pa kuanzia. Shule niliishia la sita, lakini mwandiko wangu walimu waliusifu.

Ninapokaa ni kwa Mama Cherehani. Watu wanamwita hivyo kwa sababu chumba cha mbele cha nyumba yake ni cha kushonea sare za shule, na mlio wa cherehani unamfikia mpita njia kabla hajaiona nyumba yenyewe. Chumba cha nyuma yumo mama yake, Bibi, ambaye miguu imegoma lakini mdomo unatembea kwa niaba yake. Mimi nimepanga kichumba cha ubavuni. Mama Cherehani ni mkali. Nikirudi na matope ananisimamisha mlangoni kama askari: "Miguu!" Sijanawa, siingii. Namwona ana roho ngumu kidogo.

Kazini ni juu yetu, mlimani, nyuma ya nyumba. Zamani palikuwa nyasi na mbuzi. Sasa zinapanda nyumba za ghorofa za kuuza, na tajiri ameshazungusha ukuta. Natoka mlangoni, napanda mteremko, nimefika. Wenzangu wanaotoka mbali wananionea wivu.

Machi 5

Zege. Mgongo.

Machi 6

Zege tena.

Machi 9

Leo katapila limeanza kuchimba shimo kubwa upande wa chini wa kiwanja, karibu na ukuta, na sisi tumepewa masepetu kunyoosha kingo. Mrefu, ambaye ndiye mfupi kuliko sote, alisimama ukingoni akatikisa kichwa. "Hili ni kaburi la tembo. Tajiri ana mpango na mkewe."

Injinia alimsikia. Ni msichana mdogo, kofia inamzidi kichwa, na tangu aje nilidhani anaringa kwa sababu hasalimii. Leo kumbe ametusimamisha wote akaeleza, jambo ambalo mainjinia hawafanyi.

"Kabla hatujaja, mvua ikinyesha hapa nyasi zilikuwa zinakunywa. Sasa tunaweka bati na zege. Bati halinywi, zege halinywi. Halmashauri ina kanuni: ukijenga, maji yanayotoka kwenye kiwanja chako yasizidi yale yaliyokuwa yanatoka enzi za nyasi. Yanayozidi uyashike mwenyewe, uyape ardhi yako iyanywe polepole. Ndiyo kazi ya shimo hili."

Mrefu akauliza, "Na ardhi ikisema imeshiba?"

"Haitashiba. Hapa chini ni mchanga. Ila msiikanyagekanyage. Tutaweka mawe, kokoto, mchanga, basi."

Nilirudi nyumbani na furaha ya ajabu. Nilinawa miguu kabla ya kuambiwa. Nikamweleza Mama Cherehani kanuni ile, maana maji yote ya mlima ule njia yake ni moja: yanatoka kwenye tundu chini ya ukuta wa tajiri, yanafuata kijimfereji cha nyasi kinachopita nyuma ya nyumba yetu hadi barabarani. Mwaka jana, kabla sijahamia, mvua kubwa ililowesha ukuta wa nyuma, na ukuta wenyewe ni wa tofali za udongo. Marehemu mumewe alipaka saruji kuta za mbele tu, akaahidi kumalizia.

"Kwa hiyo wanalazimishwa?" akaniuliza.

"Na halmashauri."

Akasimamisha cherehani. Sijawahi kumwona akiisimamisha katikati ya mshono. Bibi akapiga kelele kutoka chumbani, "Mume wangu amesema nini?" Bibi ananiita mumewe. Alipoambiwa, akacheka: "Basi serikali leo imetukumbuka, itakuwa inaumwa."

Machi 14

Mawe. Kokoto. Nimekula nikalala.

Machi 17

Mkaguzi wa halmashauri amekuja. Mtu mzima, mpole, viatu vimeng'arishwa. Alipima shimo urefu, upana na kina, akalinganisha na ramani yake, akapiga picha. Akamwambia Injinia, "Wangekuwa wote kama nyinyi, ningelala usingizi." Shimo likawa limepita ukaguzi.

Jioni Injinia akatuaga. Kazi yake imeisha hapa, wamempeleka kwenye kiwanja kingine. Aliniambia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nilikuwa karibu: "Mlitunze shimo." Nikasema sawa. Mtu akikuambia utunze shimo utajibu nini?

Machi 20

Tumemwaga zege la ghorofa ya juu. Maji ya bomba yanapatikana pale chini tu, kwa hiyo Nyapara, msimamizi wetu, ametuambia mashine ya kuchanganyia, matoroli na ndoo tukavioshee shimoni badala ya kuchafua njia mpya. Wazo zuri. Shimo lipo, halina kitu.

Machi 21

Zege. Tumeosha vyombo shimoni.

Machi 24

Vilevile.

Machi 27

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo ilinikumbusha kwetu. Mke wangu alipiga simu, nikamsimulia shimo na kanuni. Akasema, "Kumbe huwa una maneno."

Machi 30

Shimo limejaa maji na hayaendi popote. Mvua ilikatika zamani, jua limewaka, lakini yametulia tu kama uji kwenye bakuli. Mrefu anasema tufuge samaki.

Aprili 1

Nyapara leo alichukua nondo ndefu akaichomeka majini. Ikagonga. Akahama upande, ikagonga. Akazunguka shimo zima akigonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Sisi tumesimama. Kila mmoja ameshaelewa na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Mrefu ndiye aliyesema. "Tumelipiga sakafu."

Ni kweli. Kila jioni uji wa saruji kutoka kwenye mashine na matoroli ulikuwa unateremka katikati ya mawe na kokoto na kuganda. Tumejenga birika. Hakuna aliyetutuma tulijenge, hakuna aliyetukataza. Ni usafi tu ulituponza.

"Si uliambiwa ulitunze?" Mrefu akanigeukia, anatania.

"Nimelitunza. Halivuji."

Tulicheka, Nyapara naye akacheka, kisha akaacha ghafla akavuta simu yake akaondoka. Nyapara ndiye aliyenichukua getini siku nilipofika mji huu sina hata pa kuweka begi. Nimezoea kumwona kama mtu anayejua la kufanya.

Aprili 5, Jumapili

Mvua ilianza asubuhi Bibi akinywa chai. Si mvua ya kuzunguka, ni ile ya kusimama mahali pamoja. Nilikuwa mlangoni natazama kijimfereji. Mwanzo maji yalikuja ya kawaida, yanapita na majani. Halafu yakabadilika rangi, na nikajua shimo limejaa na linamwaga. Maji ya mabati yote yale, na ya njia yote ile ya zege, yanakuja kupitia tundu moja.

Mfereji ulijaa hadi mdomoni, ukayatapika. Yaligonga ukuta wa nyuma, yakauzunguka, yakaingia mlango wa mbele kama mgeni asiyebisha. Mama Cherehani alikuwa ameshapandisha vitambaa mezani. Tulinyanyua cherehani, tukanyanyua magunia ya sare zilizokamilika, tukaweka kila kitu juu ya kila kitu. Kichumba changu sakafu yake imeinuka kidogo, kwa hiyo ndicho kilichogeuka ghala. Kitandani kwangu zimelala sare za watoto nisiowajua.

Bibi alikuwa kitandani, maji yanapita chini yake. "Mume wangu," akaita, "uliniambia tutasafiri, hukusema kwa meli."

Mama Cherehani hakucheka. Alikuwa anakomba maji kwa beseni na kuyatupa nje, na yaliyokuwa nje yalikuwa yanaingia. Nilimwambia, "Mama, ngoja mvua ikatike, hapa unayahamisha tu." Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Aliendelea. Nikachukua ndoo, nikayahamisha pamoja naye.

Mvua ilipokatika maji yaliondoka haraka, kama yaliyotumwa. Ukuta wa nyuma umelowa hadi usawa wa kiuno changu. Niliuwekea kiganja. Ulikuwa baridi na laini, kama shavu.

Kisha nikamwambia. Nilimweleza habari ya kuosha vyombo, nani alisema, nani aliosha. Nilitegemea anifukuze. Akauliza, "Kwa hiyo hamkufanya kwa makusudi?"

"Hapana, Mama."

"Ni afadhali ingekuwa makusudi. Mtu wa makusudi unaweza kumwomba aache."

Aprili 7

Nimedanganya kazini kuwa naumwa tumbo, nikamsindikiza Mama Cherehani halmashauri. Tulikaa kwenye benchi hadi suruali ikapata umbo la benchi. Yule mkaguzi wa viatu vinavyong'aa ndiye aliyetupokea, akatusikiliza bila kutukatiza. Akasema kanuni iko wazi na Mama ana haki. Maji yasizidi. Lakini lazima aje ayaone.

"Njoo mvua ikinyesha," Mama Cherehani akasema.

Mkaguzi akakuna kidevu. "Mama, mvua ikinyesha gari letu halipandi kule. Na sisi ni wawili, mji ni huu unaouona. Nitakuja barabara ikikauka."

"Barabara ikikauka na maji yatakuwa yamekauka, baba."

"Najua, mama."

Alisema kwa huzuni ya kweli. Nilitamani awe mtu mbaya ili nipate pa kuweka hasira yangu.

Aprili 8

Mvua ndogo. Maji yamefika kizingitini yakarudi.

Aprili 13

Jua la siku kadhaa. Asubuhi Nyapara akaleta pampu, akaniambia nishike bomba. Tukayanyonya maji yote ya shimo na kuyamwaga kwenye tundu, yaani kwetu. Yalipita polepole, mfereji ukayabeba. Mchana mkaguzi akafika.

Alipima tena. Urefu uleule, upana uleule, kina kilekile. Akaandika. Akauliza, "Linafanya kazi?"

"Si unaona mwenyewe, mzee," akasema Nyapara. "Halina maji."

Mimi nilikuwa nimesimama na bomba mkononi, bado linachuruzika. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, chini pameganda saruji. Halinywi. Haya maji tumeyatoa sasa hivi."

Mrefu aliacha kutafuna. Nilingoja ngurumo. Mkaguzi akainama, akagonga kwa kisigino, akasikia nilichosikia mimi. Akafungua kanuni zake, akasoma ukurasa, akaugeuza, akasoma nyuma. Akaniita.

"Tazama. Wanataja ukubwa. Kila eneo la paa na shimo lake la ukubwa huu. Ukubwa upo. Kuhusu kunywa hawakuandika kitu. Walidhani shimo likichimbwa litakunywa tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitaandika maoni. Maoni yataenda ofisini." Akanishika bega, akaenda.

Nilijua nimefukuzwa. Lakini Nyapara alikunja bomba lake taratibu. "Unadhani sijui nani anakaa pale chini?" akasema. "Nimemwambia tajiri mara ngapi tulivunje. Tulivunje na nini? Katapila liliingia kabla nyumba za upande huu hazijaziba njia. Sasa hakuna pa kupita hata pikipiki. Anasema kubomoa nyumba kwa ajili ya shimo ni wendawazimu. Wewe ungemwambiaje?"

Nilirudi kumwaga zege.

Aprili 19, Jumapili

Leo tumejaribu. Mimi, Mrefu na Nyapara mwenyewe, watatu tu, siku ya mapumziko, kwa sululu na nyundo. Nyapara alivua shati. Sikujua ana mgongo wenye makovu ya kubeba kama wangu.

Maji yalikuwa magotini kwa mvua ya usiku. Unapiga sululu ndani ya maji, maji yanakurudishia usoni, sululu inateleza. Mrefu, kwa kimo chake, alikuwa anaogelea kuliko kuchimba. "Mkinipoteza," akasema, "mwambieni mke wangu nilikuwa baharia."

Hadi jua kusimama tulikuwa tumetoboa mahali pamoja, pa kutosha kichwa cha mtu. Maji yakazunguka juu ya tundu lile, yakaingia kidogo. Tukashangilia kama watoto. Halafu yakasimama. Nyapara akaingiza mkono hadi begani, akatoa jiwe. Lilikuwa limeshikamana na lingine, na lingine na kokoto, donge moja. Uji ulishuka hadi chini kabisa. Kuna zege juu ya zege.

Tulikaa ukingoni. Nyapara akaligeuzageuza lile donge. "Kazi safi," akasema. "Ningeagizwa niifanye, nisingeiweza."

Aprili 20

Mikono imejaa malengelenge. Mvua.

Aprili 23

Mvua. Maji ndani. Ukuta wa chumba cha Bibi umeanza kuacha unga chini, kama unaoliwa na mdudu.

Aprili 26, Jumapili

Mama Cherehani hakuniomba. Niliamka nikamkuta nyuma ya nyumba ameshapanga viroba vya mchanga, na tofali za saruji alizokuwa anazihifadhi kwa ajili ya choo kipya. Anaziba mdomo wa mfereji pale maji yanapotoka kwenye tundu la tajiri. Nilichukua mwiko. Nilimjengea ukuta mfupi, imara, kazi nzuri kuliko ninazofanya kule juu. Bibi alisogezwa dirishani ili asimamie.

"Upande wa kushoto umepinda."

"Bibi, haujapinda."

"Umepinda. Mume wangu, ndiyo maana sikukuzalia."

Mama Cherehani alicheka hadi akakaa chini matopeni. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Ni kikubwa, kinamzidi mwili.

Aprili 28

Mvua kubwa, kubwa kuliko ya ile Jumapili, na ndani ni pakavu! Maji yaligonga ukuta wetu mdogo, yakafikiri, yakageuka kufuata ukuta wa tajiri hadi kwenye geti lake, yakashuka barabarani. Tulikaa chumba cha mbele tukinywa chai, tunasikiliza. Cherehani ikafanya kazi siku nzima. Nilimpigia mke wangu nikamsikilizisha mlio wake.

Mei 1

Kule juu njia mpya ya getini imebomoka. Maji yalipita chini ya vitofali, vikainuka kama meno mabovu. Tajiri amekuja mwenyewe, mara ya kwanza namwona. Mzee mwembamba, anakohoa. Hakupiga kelele. Alipiga picha akaondoka.

Mei 4

Mkaguzi amekuja kwa miguu, jua linawaka. Hakupanda kwa tajiri. Alikuja kwetu, na kwanza aliomba maji ya kunywa. Alikunywa, akakaa, akageuzageuza kikombe.

"Mama, huu ukuta wako."

"Una nini?"

"Kanuni ileile niliyokuambia una haki nayo, ina kifungu kingine. Mtu wa chini haruhusiwi kuziba njia ya maji. Yaliyokuwa yanapita yaachwe yapite."

"Yaliyokuwa yanapita yalikuwa haya?"

"Mama, kwenye ramani njia ni ileile."

"Njia ni ileile, maji si yale. Si kanuni inasema yasizidi?"

"Shimo lao lina ukubwa unaotakiwa." Alisema hivyo akitazama sakafu, na sakafu yenyewe ina alama ya maji pande zote. "Maoni niliyaandika. Yako ofisini. Yatasomwa kikao kijacho, na kikao hakiketi kabla mvua hazijaisha. Lakini malalamiko ya kuziba njia hayahitaji kikao. Yakifika, natekeleza."

Bibi akaita kutoka chumbani, "Huyo ni nani?"

"Mtu wa halmashauri, Bibi," nikasema.

"Mwambie aje nimwone."

Akaenda, jamani. Akasimama mlangoni, viatu vyake vimeshika matope. Bibi akamtazama muda mrefu. "Mwanangu, umekonda," akamwambia. "Wanakulisha huko?" Mkaguzi alitoka pale haraka, na hakuweza kuniangalia.

Mei 7

Malalamiko ya tajiri yamefika: ukuta wetu ubomolewe, na halmashauri haina vibarua wa kubomoa. Tajiri ametoa watu wake. Nyapara ametuita mimi na Mrefu, akasema yaliyobaki akiwa ametazama pembeni. "Mgeni, wewe unaweza kubaki. Nitasema unaumwa tumbo." Mgeni ndilo jina langu hapa, hata baada ya muda wote huu.

Nilishuka kumwambia Mama Cherehani kwamba nitakataa. Alikuwa anashona, hakusimamisha.

"Ukikataa atakuja nani?"

"Mrefu na mwingine."

"Watazivunjavunja tofali zangu kwa nyundo. Wewe uliyezijenga unajua zilivyokaa. Fanya wewe. Uzipange vizuri kando, nitazihitaji."

Nilifanya mimi. Moja moja, kwa patasi, nikazikwangua saruji, nikazipanga. Mrefu alibeba viroba na leo hakutania hata mara moja. Mke wangu alipiga simu jioni, akauliza habari. Nikasema salama.

Mei 9

Mvua ndogo.

Mei 10

Ukuta wa Bibi una ufa ambao vidole vyangu vinaingia. Tumemhamishia kwa kaka yake Mama Cherehani, upande wa pili wa mji, chumba kimoja, watu wamejaa. Gari halikuweza kupanda, kwa hiyo nilimbeba mgongoni hadi barabara kuu. Ni mwepesi kuliko mfuko wa saruji.

"Mume gani huyu, ananibeba kama anakwenda kuniuza."

"Sijapata mnunuzi, Bibi."

"Tafuta tajiri yule. Ana nyumba nyingi hazina watu."

Mama Cherehani alifuata nyuma na kichwa cha cherehani kifuani, amekifunga kwa kanga. Akaniambia nibaki nikae na nyumba. Nimebaki.

Mei 12

Tulikuwa juu ya paa la nyumba ya mwisho tunafunga mifereji ya bati, Mrefu na mimi, mvua inapiga hatuoni vizuri. Kutoka pale unaiona nyumba ya Mama Cherehani yote, kama kisanduku. Niliona bati la upande wa nyuma likiinama, taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye benchi. Halikutoa sauti yoyote ya kutufikia. Nikasema, "Mrefu." Akasema, "Nimeona." Kisha bati likaenda chini kabisa, na pale palipokuwa chumba cha Bibi pakawa na udongo na kitanda.

Nyapara alitupigia kelele tuteremke, paa linateleza. Hatukuteremka mara moja. Maji yalikuwa yanapita miguuni petu, kwenye mifereji mipya tuliyoifunga wenyewe, yanakwenda vizuri sana.

Nilimpigia Mama Cherehani.

"Wa nyuma?" akauliza.

"Wa nyuma, Mama."

"Bibi amelala. Sitamwamsha."

Tulikaa kwenye simu. Nilisikia watoto wa kaka yake wakigombana. Halafu akauliza kama nimekula.

Mei 14

Jua. Mkaguzi amekuja na barua: udongo wa ukuta ulioanguka umelala katikati ya mfereji, unaziba njia ya maji, uondolewe. Nilisoma mara mbili nikidhani sijaelewa, kwa vile shule yangu ni fupi. Nilielewa.

Mrefu na mimi tumeshinda tunabeba kwa matoroli. Udongo wa kuta za zamani ni mzuri, mwekundu, bado umelowa. Mkaguzi alirudi mchana, akasimama pale palipokuwa na dirisha la Bibi, akatazama mfereji kutoka juu hadi chini.

"Sasa iko wazi," akasema.

Kichumba changu kimebaki na kuta tatu za kuaminika. Nyapara ameniambia nihamie kwenye banda la saruji kule juu, karibu na geti. Nimekubali. Nimesogeza tofali za Mama Cherehani, nimezifunika kwa turubai, nimebeba begi langu na godoro.

Mei 16

Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi Mrefu akaniambia. Sikujua. Kule juu huyasikii maji hata kidogo. Yote yanateremka.